Fundo, Uzi na Tundu: Istilahi za Topolojia na Nadharia ya Grafu kwa Mfano wa Kisiwa cha Mombasa

Ikisiri

Makala haya yanajadili uwezo wa Kiswahili wa kubeba matawi mawili ya hisabati ya juu, yaani nadharia ya grafu na topolojia ya aljebra. Hoja kuu ni kwamba istilahi za taaluma hazifai kuundwa moja moja, bali kwa ukoo, kama zilivyoundwa istilahi za ushairi wetu. Tunapendekeza ukoo wa fundo, uzi na tundu, uliotokana na wavu wa mvuvi. Tunaupima kwa kuueleza nao uthibitisho wa Euler na kwa kuutumia katika kisiwa cha Mombasa, nchi kavu na majini.

1. Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, hisabati nchini hufundishwa kwa Kiingereza, na tasnifu za uzamili na uzamifu katika taaluma hiyo huandikwa kwa lugha hiyohiyo. Nchini Tanzania, shule za msingi za umma hufundisha hisabati kwa Kiswahili, lakini mwanafunzi afikapo sekondari hukutana na Kiingereza. Kwa hiyo, pande zote mbili za mpaka, mtafiti wa hisabati ya juu hana msamiati wa Kiswahili wa kuielezea kazi yake.

Tumfikirie kijana aliyelelewa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye anafanya utafiti wa uzamili katika topolojia. Nyumbani huzungumza Kimvita. Mamake akimuuliza anasomea nini, atajibu "hesabu", na mazungumzo yatakomea hapo. Jibu hilo fupi huchukuliwa na wengi kuwa ushahidi kwamba lugha yetu ni ya mashairi na methali tu, na kwamba mambo mazito yana lugha yake. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuuliza: je, upungufu umo katika lugha, au umo katika namna tunavyoitumia?

2. Istilahi za ushairi zilivyoundwa

Kabla ya kutafuta istilahi za hisabati, inafaa tukumbuke kwamba Kiswahili kimewahi kuunda istilahi za taaluma ngumu na kufanikiwa. Taaluma hiyo ni arudhi. Mizani ni chombo cha muuza duka. Katika ushairi ni hesabu ya silabi. Bahari ni maji ya chumvi; katika ushairi ni aina ya utungo. Ukingo ni pembeni mwa kitu. Katika ushairi ni kipande cha nne cha mshororo, baada ya ukwapi, utao na mwandamo. Sheikh Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa akishughulikia elimu ambayo washairi walikwisha kuizungumza kwa maneno yao wenyewe.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, neno la kawaida linapogeuzwa istilahi, maana yake hufinywa. Hakuna mwanafunzi anayeambiwa "hesabu mizani" akaenda kutafuta jiwe la kupimia. Pili, istilahi hizo ni ukoo. Ukwapi hauna maana pasi na utao; kipande hakina maana pasi na mshororo, wala mshororo pasi na ubeti. Kila neno hulishikilia jingine.

Wazungu nao walifanya vivyo hivyo. Neno "topolojia" lilitumiwa na Johann Listing, Mjerumani, katika kitabu cha mwaka 1847. Neno "grafu" kwa maana inayotuhusu lilianzishwa na James Joseph Sylvester, Mwingereza, mwaka 1878, naye alikuwa akifikiria michoro ya wanakemia. Maneno haya hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitungwa na watu waliohitaji kuzungumza.

3. Ukoo unaopendekezwa

Grafu, kwa mujibu wa wanahisabati, ni mkusanyiko wa nukta na mistari inayoziunganisha. Urefu wa mstari haujalishi, wala kupinda kwake. Kinachojalishwa ni nani ameungana na nani.

Mapendekezo yanayowajia watu haraka yana matatizo. Mstari ungeweza kuitwa "ukingo", kwa kuwa ndivyo unavyoitwa katika maumbo ya jometri, lakini ukingo ni mwisho wa kitu, na mstari wa grafu hauko mwishoni. Uko kati ya vitu viwili. Wengine watasema "kiungo". Neno hili linavutia kwa sababu ya kitenzi kuunga, lakini katika mwili kiungo ni pale mifupa miwili inapokutana. Kwa hiyo kiungo cha mwili kinafanana na nukta kuliko mstari. Istilahi inayoweza kumaanisha kitu na kinyume chake haifai.

Wavu wa mvuvi unatupa njia nyingine. Wavu una mafundo. Kati ya fundo na fundo pana uzi. Nyuzi zinapozunguka na kurudi zilikoanzia, hufanya tundu, ambalo wavuvi wengi huliita jicho. Wavu ukikunjwa, ukitandazwa au ukining'inizwa ukauke, mafundo ni yaleyale, nyuzi ni zilezile, na matundu ni yaleyale. Hilo ndilo wazo la msingi la taaluma tunayoizungumzia. Basi nukta ya grafu na iitwe fundo, mstari na uitwe uzi, na nafasi inayozungukwa iitwe tundu.

Tumelichagua tundu badala ya jicho kwa sababu Kiswahili kina jozi ya maneno ambayo topolojia inaihitaji sana: tundu na shimo. Sindano ina tundu. Uzi huingia upande huu na kutokea upande wa pili. Barabara mbovu ina mashimo, na kila shimo lina mwisho wake chini. Mtaalamu wa topolojia hulihesabu tundu lakini halihesabu shimo, kwa kuwa shimo huweza kusawazishwa pasipo kukata wala kugandisha. Kikombe kidogo cha kahawa chungu kiuzwacho Mji wa Kale, kisicho na mkono, kina shimo la kutilia kahawa lakini hakina tundu; kitopolojia ni sawa na sahani. Kikombe cha chai chenye mkono kina tundu moja, pale kinaposhikwa. Hicho ni sawa na pete. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, na mwalimu hulazimika kueleza tofauti. Sisi tunayo tofauti hiyo tayari.

Uhusiano wa mafundo, nyuzi na matundu unaweza kuthibitishwa kwa maneno machache. Tuanze na fundo moja lisilo na uzi. Kila tunapoongeza uzi, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Ama uzi unafika kwenye fundo jipya, na hapo hakuna tundu linaloongezeka. Ama unaunganisha mafundo yaliyokuwapo, na hapo tundu moja linaongezeka. Kwa hiyo, katika wavu ulioshikana, idadi ya matundu ni idadi ya nyuzi, toa idadi ya mafundo, ongeza moja. Kipande cha wavu chenye mafundo 9 kwa safu tatu za matatu kina nyuzi 12. Matundu yake ni 12 toa 9, ongeza 1, yaani 4. Msomaji achore ahesabu.

4. Swali la Königsberg

Nadharia ya grafu huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1736, Leonhard Euler alipojibu swali la watu wa Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Mto uliugawa mji huo katika vipande vinne vya ardhi, vilivyounganishwa kwa madaraja saba. Je, mtu angeweza kutembea akavuka kila daraja mara moja, wala asirudie lolote?

Euler aliigeuza kila ardhi kuwa fundo na kila daraja kuwa uzi. Kisha akasema hivi, tukimsemea kwa Kiswahili: msafiri akiingia katika fundo kwa uzi mmoja, sharti atoke kwa uzi mwingine. Basi nyuzi za fundo analolipitia hutumika mbilimbili, na idadi yake lazima iwe shufwa. Ni fundo la kuanzia na la kumalizia tu yanayoweza kuwa na idadi ya witiri. Kwa hiyo, mafundo ya witiri yakizidi mawili, safari haiwezekani. Ardhi za Königsberg zilikuwa na madaraja 5, 3, 3 na 3. Zote nne ni witiri, safari haikuwezekana. Upande wa pili wa hoja, kwamba wavu ulioshikana wenye mafundo ya witiri yasiyozidi mawili unapitika, ulithibitishwa kikamilifu katika makala ya Carl Hierholzer ya mwaka 1873.

Uthibitisho huo unasimama juu ya maneno mawili, shufwa na witiri. Hatukuyaunda kwa ajili ya Euler. Yalifika pwani kwa Kiarabu, na kila anayeswali witri baada ya isha anajua maana ya moja wapo.

5. Mombasa nchi kavu

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na bara pande tatu: kaskazini Nyali na Kisauni, magharibi Changamwe, na kusini Likoni. Pamoja na kisiwa chenyewe, ni ardhi nne, idadi ileile ya Königsberg. Tuhesabu njia za magari tu, na kila upande tuupe uzi mmoja. Kaskazini kuna daraja la Nyali; la kwanza, lililoelea, lilifunguliwa mwaka 1931, na la zege lililochukua nafasi yake mwaka 1980. Magharibi kuna kivuko cha Makupa. Kusini kuna feri ya Likoni.

Kisiwa kina nyuzi 3, na kila upande wa bara una uzi 1. Mafundo yote manne ni witiri, kama Königsberg. Dereva aliyetaka kuvuka kila kivuko mara moja tu bila kurudia asingeweza, hata angeanzia wapi. Matundu ni 3 toa 4, ongeza 1, yaani hakuna.

Katika miaka ya 2020, madaraja ya Mwache na Mteza kwenye barabara ya Dongo Kundu yaliunganisha upande wa magharibi na upande wa kusini pasipo kupitia kisiwani. Wavu ukapata uzi wa nne. Sasa kusini kuna nyuzi 2, magharibi 2, kisiwani 3, kaskazini 1. Mafundo ya witiri yamebaki mawili, na safari inawezekana: dereva aanzie Kisauni, avuke Nyali aingie kisiwani, apande feri hadi Likoni, apite Dongo Kundu hadi magharibi, kisha arudi kisiwani kwa Makupa. Matundu ni 4 toa 4, ongeza 1. Mombasa imepata tundu lake la kwanza.

Mchoro huu ni wa Mombasa na viunga vyake. Mwenye kuchora pwani nzima ataongeza barabara ya bara kutoka Mazeras kupitia Kaloleni hadi Mavueni, na ile ya Kinango, naye atapata wavu mwingine wenye hesabu nyingine. Mchoro ni uamuzi wa mtafiti, naye anapaswa kuutaja uamuzi huo kabla ya kutoa hukumu.

Hapa pia tunaona hatari ya kutafsiri istilahi neno kwa neno. Uzi ambao ukikatwa wavu hutengana vipande viwili huitwa na wanahisabati wa Ulaya kwa neno lenye maana ya "daraja". Tukilifuata, tutalazimika kuandika kwamba feri ya Likoni ilikuwa daraja mpaka madaraja ya Mwache na Mteza yalipojengwa, ndipo ikaacha kuwa daraja. Mkazi wa Mombasa atacheka, na atakuwa na haki. Tunapendekeza "uzi tegemeo". Kabla ya Dongo Kundu, nyuzi zote tatu za mchoro wetu zilikuwa tegemeo. Sasa umebaki mmoja, Nyali.

Neno tegemeo lina uzito mwingine pia. Mtongwe, kivuko cha waenda kwa miguu cha upande huohuo wa kusini, feri ilizama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Grafu haioneshi dhoruba, uchakavu wala msongamano. Inaonesha jambo moja tu, kwamba watu wa upande fulani hawana njia nyingine. Jambo hilo likisemwa kwa lugha ambayo abiria anaielewa, yeye mwenyewe anaweza kulitumia kudai haki yake.

6. Mombasa majini

Tuiache nchi kavu tuingie majini, ambako topolojia ya aljebra inaonekana waziwazi. Chukua mashua kutoka bandari ya kale, chini ya Mji wa Kale. Ingia hori ya Tudor, pita Makupa, tokea Kilindini, pita Likoni, zunguka rasi ya Serani, urudi ulikoanzia. Tuseme umeburura kamba safari nzima na sasa umezishika ncha zake mbili. Je, unaweza kuivuta kamba yote ikurudie mashuani pasipo kuitoa majini? Huwezi. Kisiwa kiko ndani ya kitanzi. Kwa mtaalamu wa topolojia, maji hayo yana tundu, na tundu lenyewe ni Mombasa.

Sasa tukitia aljebra, kila safari inayoanza na kumalizika bandarini tunaipa namba. Mzunguko mmoja kwa upande huo ni 1. Miwili ni 2. Mmoja kwa upande wa pili ni hasi 1. Safari ya kwenda Tudor na kurudi ni 0, hata ikiwa ndefu vipi, kwa kuwa kamba yake huvutika yote. Ukifuatisha safari moja kwa nyingine, namba zao hujumlishwa. Mzunguko wa mbele ukifuatwa na wa kinyume ni 1 jumlisha hasi 1, yaani 0. Umbo la bahari limegeuka kuwa hesabu za kujumlisha. Henri Poincaré, Mfaransa, ndiye aliyeweka misingi ya njia hii katika makala yake ya mwaka 1895.

Lakini Makupa ina kisa chake. Kwa miongo mingi, kivuko hicho kilikuwa tuta la udongo na mawe lililozuia maji ya pande mbili yasikutane. Panapokuwa na tuta lililoziba kabisa, hakuna mashua inayokamilisha mzunguko. Kila kamba huvutika, na kila safari ni 0. Tundu limekwisha. Kitopolojia, Mombasa iliyounganishwa na bara kwa tuta haikuwa kisiwa bali rasi. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja la Makupa kuchukua nafasi ya tuta hilo, na kurejesha mkondo wa maji kulitajwa miongoni mwa makusudi yake. Tofauti ya tuta na daraja, ambayo kwa dereva si kitu, kwa maji na samaki ni kubwa, na kwa topolojia ni tofauti ya 0 na 1.

7. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba istilahi za wavuvi zitamtenga mtafiti wetu na wenzake duniani. Jibu letu ni kwamba majina ya matawi yabaki kama yanavyojulikana: topolojia, aljebra, grafu. Ni maneno ya ndani, yale yanayotumika katika kufikiri na kuthibitisha, yanayohitaji kueleweka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Topolojia ina tawi linalochunguza uzi uliofungwa ukajipindapinda na ncha zake zikaunganishwa, nalo huitwa kwa neno lenye maana ya fundo. Tukilitumia fundo kwa nukta ya grafu, tawi hilo tutaliitaje? Kiswahili kina mzizi "tata". Uzi hutatizika, hali hiyo ni utata, na kuuondoa utata ni kutatua. Swali kuu la tawi hilo ni je, uzi huu unatatulika bila kukatwa? Basi umbo hilo na liitwe kitata. Mzizi uleule tunaoutumia kusema "kutatua tatizo" unatupa istilahi na swali lake kwa pamoja.

Pingamizi la tatu linahusu lahaja. Nadharia ya grafu hutofautisha safari isiyorudia uzi na safari isiyorudia fundo. Huenda mtu akapendekeza ya kwanza iitwe "njia" na ya pili "ndia", kwa heshima ya Kimvita na ya barabara ya Ndia Kuu iliyoko Mji wa Kale. Pendekezo hili halifai. Kwa Mmvita, ndia ndiyo njia. Kumwambia kwamba ni vitu viwili ni kumnyang'anya neno lake kwa kisingizio cha kumheshimu. Afadhali tuseme "pito" kwa safari isiyorudia uzi na "njia" kwa isiyorudia fundo.

8. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uthibitisho wa Euler, kanuni ya matundu na hesabu ya mizunguko vinaweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo kukopa zaidi ya majina ya matawi yenyewe. Hili limewezekana kwa sababu istilahi zimechukuliwa kwa ukoo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi kati ya 1776 na 1840, husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Hisabati ya juu nayo inahitaji kutolewa katika ukumbi wa mihadhara.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili na za hisabati katika vyuo vyetu zikae pamoja, maana mwanaisimu asiyejua uthibitisho ataunda maneno matupu, na mwanahisabati asiyejua lugha ataunda maneno yasiyotamkika. Pili, kila ukoo wa istilahi unaopendekezwa upimwe kwa kuandika nao uthibitisho mzima; ukikwama njiani, uachwe. Tatu, wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili waruhusiwe kufanya kazi ya namna hii kuwa sehemu ya tasnifu zao. Wasomaji wa jarida hili wanakaribishwa kulipinga fundo, kuukata uzi, au kuonesha tundu ambalo hatukuliona.